Jumamosi za Kipaji

Siku Mama alipotuletea habari kwamba anarudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili, mimi ndiye niliyeshangilia kuliko wote. Niliruka juu ya kochi mpaka Baba akaniambia nishuke, fundi wa makochi hakopeshi. Sikujua kwamba nashangilia kunyang'anywa mama yangu. Ningejua, ningelia siku ileile, tena kwa sauti, majirani waje waulize kuna nini.

Maana masomo yenyewe ni haya: elimu ya sekondari, upande wa kukuza vipaji vya wanafunzi. Yaani mtu mzima, mwalimu wa hesabu tangu mimi sijazaliwa, anafundishwa namna ya kumtambua mtoto mwenye kipaji, na akishamtambua, namna ya kumlea ili kipaji kisizimike. Mhadhiri anayemsimamia, mama mmoja mrefu asiyependa kukaa, sisi nyumbani tunamwita Dokta. Huyo Dokta ndiye aliyewaambia walimu wote wa darasa lake kwamba kila mmoja atafute mwanafunzi mmoja, afanye naye kazi mwaka mzima, na mwisho wa mwaka yeye mwenyewe atapita kuwaona wakiwa pamoja. Ukishindwa hapo, shahada uisahau.

"Mwanafunzi mmoja tu?" nilimuuliza Mama, nimeshakaa mkao wa kula.

"Mmoja. Na asiwe ndugu yako."

"Kwa nini asiwe ndugu?"

"Ndiyo sheria ya utafiti. Ukimchunguza mtoto wako mwenyewe, utamwona malaika."

"Kwani kuna ubaya gani nikionekana malaika, hata mara moja?"

Baba alicheka mpaka akaweka chini bisibisi. Baba ni fundi friji, na nyumba yetu haijawahi kukosa friji la mtu lililogeuzwa mgongo barazani. Mama hakucheka. Alikuwa anafunua kurasa za kitabu chake kipya, na kidole alishaweka mahali anapotaka kusoma.

Basi bwana, akampata wake. Msichana wa kidato cha pili, shuleni kwetu hukohuko anakofundisha Mama na ninakosoma mimi, kidato cha tatu. Mwembamba, sweta limemmeza, anakaa kwa mjomba wake mwenye duka la kutoa kopi. Ni wa wale watu ambao mnasoma nao shule moja hata miaka miwili na hujawahi kusikia sauti yao. Kwenye maandishi ya Mama haruhusiwi kumtaja jina, kwa hiyo anamwita Mwanafunzi wa Kwanza. Wa kwanza! Mimi niliyezaliwa humu ndani peke yangu, sina mkubwa wala mdogo, sijawahi kuitwa wa kwanza. Mimi namwita Kipaji, na msidhani namsifu.

Kila Jumamosi asubuhi Kipaji anakuja kwetu. Shikamoo kwa Mama, shikamoo kwa Baba, mimi ananiita dada, kisha anakaa kwenye kiti changu. Ndiyo, kiti changu, kile cha karibu na dirisha. Mama ameegemeza ubao mweupe kwenye kabati la vyombo, kwa hiyo ukitaka sahani Jumamosi lazima uombe ruhusa. Na mimi kazi yangu siku hiyo ni vyombo. Nasimama kwenye karo la jikoni, mlango wazi, naona kila kitu.

Ngoja niwaambie kilichokuwa kinaniuma, maana watu wakisikia wivu wanadhani ni mambo ya zawadi na nguo. Haikuwa hivyo. Kilichoniuma ni Mama kunyamaza.

Chuoni wamefundishwa kwamba mtoto mwenye kipaji usimpe jibu. Unampa swali, halafu unanyamaza. Unamwangalia. Humharakishi, humsaidii, hutikisi mguu, unakaa tu na uso wa mtu mwenye siku nzima, mpaka mwenyewe aseme. Mama alikuwa hawezi mwanzoni. Ni mtu wa papara, simu ikiita anaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Lakini alijifunza. Kwa Kipaji, alijifunza.

Siku moja alichukua ubao wa drafti wa Baba, akabandika karatasi kwenye pembe mbili zinazotazamana kimshazari, kama amezikata. Halafu akatoa vipande vya boksi alivyovikata mwenyewe, kila kimoja kinatosha kufunika vyumba viwili vilivyo jirani. Akamuuliza Kipaji, je, vipande hivi vinaweza kuufunika ubao wote uliobaki, pasibaki chumba wala kipande kisichomoze nje?

Kisha akanyamaza.

Mimi nilikuwa naosha sufuria. Nikaliosha, nikalisuuza, nikalikausha, nikachukua lingine, Mama bado kanyamaza. Kipaji anaangalia ubao, hagusi kitu. Na Mama anamwangalia Kipaji. Jamani, ule uso! Macho yamelegea, midomo imefunguka kidogo, kama vile hapa duniani hakuna mtu mwingine na hakuna haja ya mtu mwingine. Mimi nikimwambia kitu Mama, jibu linakuja kabla sijafika nukta. Mama, shuleni leo... Umekula? Mama, unajua yule mwalimu wa... Sare umefua? Mimi hata siku moja sijanyamaziwa namna ile.

"Haiwezekani," Kipaji akasema hatimaye.

"Kwa nini?"

"Kila kipande kinakula cheusi kimoja na cheupe kimoja. Na wewe Mwalimu umekata vyeupe viwili."

Mama akaweka mkono kifuani. Haki ya Mungu, aliweka mkono kifuani kama mtu aliyeposwa. Sahani ikaniponyoka, ikavunjika.

"Nini tena huko?" Mama akaita bila kugeuka.

"Sahani."

"Zoa usije ukajikata." Na huyo akarudi kwa mtoto wa watu.

Msidhani nilikaa tu nikanuna. Nilijaribu. Kama mama yangu anatafuta kipaji, basi nikasema nitamtolea vipaji mpaka achoke mwenyewe. Nilianza na kuimba. Niliimba bafuni, niliimba nikifagia, mpaka Baba akauliza kama jino linaniuma. Nikahamia kuchora. Nikamchora Mama amekaa mezani. Akaangalia, akasema vizuri, halafu akaniuliza yule ni nani. Nikaingia timu ya mpira wa mikono, nikatolewa kabla ya mapumziko kwa kumpa mpira mchezaji wa timu nyingine, eti alikuwa ananiomba vizuri.

Mwisho nikaona heri hesabu zenyewe. Jumamosi moja nikaburuta kigoda, nikakaa nao mezani. Mama akatoa swali lake la siku hiyo na kuanza kunyamaza, na mimi, kwa kiherehere, nikajibu. Nilikuwa nimekosea, tena vibaya. Lakini si hilo. Mama alinishika bega kwa upole, upole anaofanyiwa mgeni, akasema, "Mwanangu, usituharibie ukimya."

Usituharibie. Wao wawili ni sisi, na mimi ni kelele.

Niliondoka nikaenda barazani kwa Baba. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya friji, naona miguu tu.

"Una wivu wewe," friji likasema.

"Sina."

"Unao. Mimi mwenyewe ninao kidogo. Siku hizi nikitaka kuongea na Profesa mama yako lazima ninyooshe mkono."

"Baba, shuleni namwita Mwalimu, si ndiyo? Nikimwita Mama darasani ananiadhibu. Nikirudi nyumbani nakuta yuko na huyu anayemwita Mwalimu. Sasa mama yangu anafunguliwa saa ngapi?"

Baba alitoa kichwa nje. Alitaka kucheka, nikaona ameghairi. Akasema mwaka utaisha, nijikaze kisabuni. Nikasonya. Si tabia yangu kumsonyea Baba, lakini siku hiyo alikula msonyo.

Sasa, mwaka ulipokaribia kuisha, Dokta akatoa taarifa: atakuja nyumbani Jumatano ya wiki moja kabla ya shule kufungwa. Mama akawa hashikiki. Akafua mapazia. Akabadilisha maswali na kuyarudisha yaleyale. Jumamosi moja kabla ya ile ya maandalizi ya mwisho, walipomaliza, akamkumbatia Kipaji mlangoni, akaniambia, "Msindikize mwenzio mpaka barabarani."

Mwenzio! Haya, nikamsindikiza.

Tulitembea. Yeye kama kawaida yake hasemi, anaangalia matofali ya ukuta wa watu, nadhani anayahesabu. Mimi moyo unanichemka. Kumbatio lile nilikuwa bado naliona. Na mdomo wangu, ambao hata Mama huwa anasema una injini yake peke yake, ukaanza safari.

"Wewe unajua kwa nini Mama anakupenda?" nikamwambia.

Akanitazama.

"Kwa sababu ya shahada. Dokta akishakuja na kuondoka, kwisha habari yako. Hakuna Jumamosi, hakuna chai. Mwenyewe ndiye aliyesema."

"Mwalimu amesema?"

"Jana jikoni. Kasema, akishapita huyu nitapumua."

Uongo mtupu. Tena ulitoka umenyooka, hauna hata kigugumizi. Kama kuna kipaji nilichokionyesha mwaka ule, ni hicho. Kipaji alisimama kidogo. Hakulia, wala hakubishana. Akasema, "Sawa dada," akavuka barabara na sweta lake. Mimi nikarudi nyumbani nimeridhika, na usiniulize kama nililala vizuri. Nililala fofofo.

Jumamosi iliyofuata hakuja.

Mama aliandaa meza, akapanga kalamu za ubao, akakaa. Akaangalia saa ya ukutani. Akaenda dirishani, akarudi. Mimi nilikuwa nimevaa vizuri, nimekoga mapema, vyombo nimeshamaliza. Nikakaa kwenye kiti changu cha dirishani, mara ya kwanza mwaka mzima katika siku ya Jumamosi. Nikamwekea Mama chai. Nikasema moyoni, haya, sasa ni sisi.

Mama hakuiona chai. Alimpigia simu mjomba mwenye duka la kopi. Nilimsikia mjomba upande wa pili akisema mtoto ni mzima, yuko hapa anapanga karatasi, ila amesema haji tena. Kwa nini? Mjomba hajui. Kwani yule huwa anasema?

Mama akaweka simu mezani taratibu. Nilidhani atafikiria Dokta, shahada, ada iliyolipwa, mapazia yaliyofuliwa. Wala. Alifunika uso kwa viganja vyote viwili, akasema, "Nimemchosha mtoto wa watu. Nilimsukuma mno. Atakuwa anazichukia hesabu sasa hivi, na ni mimi." Akaanza kupitia moja baada ya jingine maswali aliyompa mwezi ule, kwa sauti, akitafuta ni lipi lililomvunja moyo. Machozi yanamtoka na anaendelea kutafuta.

Na mimi, mniwie radhi, hata pale nilimwonea Kipaji wivu. Nilijiambia, huyu hata asipokuwepo anashinda. Mimi siku nilipolazwa na malaria Mama alinililia, ndiyo, lakini hakukaa akajiuliza ni swali gani aliniuliza vibaya.

Baba alikuja kwenye mlango, mikono ina grisi, akaona hali, akarudi kinyumenyume.

Baada ya muda Mama akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyemsindikiza wiki ile."

"Ndiyo."

"Alikuambia chochote?"

"Hapana."

"Wewe je? Ulimwambia chochote?"

Kisha akanyamaza. Alininyamazia mimi. Macho yakatulia usoni kwangu, mguu hautikisiki, uso wa mtu mwenye siku nzima. Ndicho nilichokuwa nakililia mwaka mzima, sasa nimepewa chote, na nilitamani ardhi ipasuke nijifiche humo. Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nikaangalia meza, nikaangalia saa, nikarudi nikakuta Mama bado yupo palepale ananisubiri.

Nikasema. Nilisema yote: kiti, sahani, ukimya, kumbatio, barabarani, uongo, na kwamba uongo huo nilimsingizia yeye. Mwishoni nilikuwa napiga kelele. Nikamwambia, "Wewe una mwaka mzima wa kumwangalia yeye, mimi unaniuliza kama nimefua sare!"

Nilijiandaa kwa kofi. Mama hakunipiga. Aliinuka, akachukua mtandio, akasema, "Vaa viatu."

Tulikwenda mpaka duka la kopi. Ni duka dogo, mashine inanguruma, joto tupu. Kipaji alikuwa nyuma ya kaunta anabana karatasi za mtu. Alipomwona Mama akasimama wima, shikamoo Mwalimu. Mama akaitikia, halafu akanisukuma mbele yake. Palikuwa na wateja wawili. Nikaomba asubiri watoke. Mama akasema hapana.

Basi nikasema mbele ya wateja, na mjomba, na mashine. Nilidanganya. Mama hakusema vile. Nilisema kwa sababu ya wivu. Samahani.

Mteja mmoja akasahau kuchukua chenji.

Kipaji alifikiria. Akasema, "Mimi niliamini. Nikaona si vibaya, kila mtu ana shida yake. Ila sikupenda kuja kama Mwalimu amechoka." Halafu akamgeukia Mama na uso ukafunguka. "Lile swali la mwisho nimelimaliza. Nimelifanya kwa njia mbili. Nikuonyeshe?"

Na akaonyesha palepale, juu ya kaunta, nyuma ya kopi iliyoharibika, mjomba akihudumia watu pembeni yao. Mimi nikasimama nimeshika mkoba wa Mama. Nilitarajia atanichukia, angalau nipate la kusema. Hakunichukia. Hakuwa hata na nafasi ya kunichukia, alikuwa na swali lingine. Hilo nalo liliniuma, siwafichi.

Dokta alikuja Jumatano. Alisimama muda wote kama kawaida yake, kajiegemeza kwenye kabati letu la vyombo. Kipaji aliongea. Alipokwama Mama alinyamaza, na Dokta alimwangalia Mama akinyamaza, akawa anatikisa kichwa kidogokidogo kwa furaha. Mimi nilileta chai, nikaweka, nikatoka, sikuvunja kitu. Mama alifaulu. Kipaji naye Dokta akamwombea nafasi kwenye darasa la Jumamosi huko chuoni, pamoja na watoto wengine wenye vichwa kama chake. Ona, hata kutoka kwetu alitoka kwa kupanda juu.

Kwa hiyo Jumamosi ikabaki tupu. Niliamka nikakuta Mama ameshaandaa meza. Ubao uko kwenye kabati, kalamu zimepangwa, na pembeni rundo la karatasi na vikadi vya picha.

"Kaa," akasema. Akanionyesha kiti cha dirishani.

"Nani anakuja?"

"Wewe ndiye uliyekuja. Shahada nimeshamaliza, sheria ya ndugu hainihusu tena. Nimekosea kwako, mwanangu. Nilikuwa nakuza vipaji vya wengine, chako nimekiacha kinakaa na vyombo. Leo tunakitafuta."

Nikakaa kwa raha zangu. Acheni kabisa! Mama yangu, meza nzima, asubuhi nzima, peke yangu.

Akaanza. Akanionyesha maumbo niseme lipi linafuata. Nikasema; akaandika. Akanisomea maneno niyarudie kinyumenyume. Nikayarudia, yakanitawanyikia njiani. Akaniambia nitaje matumizi ya tofali mengi kadiri ninavyoweza. Nikasema kujengea. Nikasema kuzuia mlango. Akanyamaza, ananisubiri. Nikasema kumrushia mtu. Akaandika hilo pia. Akanipa hadithi niimalizie, akanipa kijiti na uzi nitengeneze kitu, akanigongea mdundo mezani niufuate. Kila mara alikuwa ananiuliza, kisha ananyamaza, na ule uso. Wangu sasa.

Baba alipita akachungulia, akauliza kama mgonjwa atapona.

Asubuhi ikasogea. Kikadi kimoja kikaisha, kikaja kingine. Na mimi nikaanza kuona kitu ambacho nikiwa jikoni sikuweza kukiona. Kipaji alipokuwa anangojewa, Mama alikuwa anangojea kitu anachojua kipo. Kwangu alikuwa anangojea tu. Anaandika, anageuza ukurasa, anajaribu mlango mwingine. Alikuwa na huruma ya muuguzi anayetafuta mshipa wa kuchoma sindano. Nilikuwa nimemwonea Kipaji wivu mwaka mzima kwa sababu ya kuangaliwa, sikuwahi kufikiri kwamba ukiangaliwa vile unaweza pia kukutwa huna.

"Mama."

"Mm?"

"Na usipokiona?"

"Nisipokiona nini?"

"Hicho kipaji. Ukipekua mpaka chini kabisa, ukakuta hakuna kitu."

Mama akainua macho. Nikaona anaanza, midomo inatulia, bega linashuka.

"Usininyamazie!" nikasema, na sauti ikanipasuka. "Leo usininyamazie, Mama. Hili si langu kulijibu, ni lako. Jibu."

Akaweka kalamu chini.

"Sijakiona," akasema. "Na si leo nimeanza kutafuta. Nimekutafuta tangu unaanza kutembea. Ulipokuwa unapanga chupa za dawa, nilikuwa nyuma ya mlango nahesabu unazipangaje. Ulipokuwa unaimba, nilikuwa nasikiliza. Ulipocheza mpira ule, nilikuwa nyuma ya darasa la kidato cha pili, nilikuona. Kila mara nasema labda hapa. Mimi mwalimu wa vipaji, sikuona kitu, nikaona aibu. Nikaona nikikukazia macho utajua kwamba sioni. Ndiyo maana nikawa nakuuliza habari za sare."

Alisema hayo akilia, akinishika mkono juu ya vile vikadi, akiniomba msamaha, akisema pengine kosa ni macho yake, pengine vipimo ni vya watu wengine. Aliongea mengi. Nadhani alitarajia nitavunjika.

Nami nilipaswa kuvunjika, najua. Lakini mimi nilikuwa nimeganda pale nyuma ya mlango na chupa za dawa. Nyuma ya darasa la kidato cha pili. Bafuni ninapoimba vibaya, na mtu amesimama nje anasikiliza kila siku, anasema labda hapa.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniangalia," nikasema.

"Kila siku."

"Mpaka kwenye ule mpira?"

"Ulimpa mpira yule msichana kwa sababu alikuomba vizuri," Mama akasema, na katikati ya machozi akacheka, na mimi nikacheka, kamasi zinanitoka.

Nikajifuta kwa mkono. Nikavuta kiti karibu na meza, nikamsogezea rundo la vikadi vilivyobaki.

"Endelea kutafuta," nikamwambia. "Mimi sina haraka. Jumamosi zote nina nafasi."